"All but four" na "all but complete": hili neno BUT lina maana ngapi? Limetutia hasara huku Mtwara

#1 BintiMikindani
Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wa lugha, na jambo lenyewe limenikaa rohoni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama tunaobangua korosho hapa Mikindani. Msimu huu tulipata mnunuzi wa nje, tukampelekea katoni 60. Barua pepe zake zote ni za Kiingereza, na kikundi kizima msomaji ni mimi. Wiki mbili zilizopita akaandika: "All but four of the sixty cartons have passed inspection." Nikaisoma neno kwa neno. All ni zote, but ni lakini, four ni nne, passed ni kufaulu. Nikawaambia wenzangu kwamba kati ya 60 zimefaulu 4 tu. Watu walilia siku ile. Mwenzetu mmoja alikuwa na mkopo wa vikoba uliokaribia tarehe, jioni ileile akauza mbuzi wake wawili kwa bei ya kutupa asije akaumbuka.

Siku ya tatu mjukuu wa mwenyekiti akaja likizo kutoka chuoni, akasoma, akasema bibi zangu, zilizofaulu ni 56. Nne ndizo zilizokwama. Tulishukuru Mungu, lakini mbuzi walishakwenda.

Juzi ikaja nyingine: "Your payment is all but complete." Nikajua sasa nimeelimika, all but ni "yote isipokuwa". Basi malipo ni yote isipokuwa kukamilika, maana yake hayajakamilika, kuna mkwamo. Nikaandika barua kali. Mnunuzi akashangaa, akasema alichoandika ni kwamba malipo yanakaribia kukamilika.

Swali langu: inakuwaje "all but" ileile mara itoe vitu vinne nje, mara iwe "karibu"? Na hilo "but" lina maana ngapi nyingine ambazo zitatuponza?

#2 Mzee_wa_Shangani
But ni lakini. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi na tumeishi nayo. "He is poor but happy", ni maskini lakini ana furaha. Huyo mnunuzi ndiye anayeandika vibaya. Mtu anayefanya biashara na kina mama wa Mikindani aandike kwa kueleweka.

#3 Nahodha_Kilwa
Mzee wangu, chukua hii: "Everyone but the captain drowned." Ukiweka lakini unapata "kila mtu lakini nahodha alizama". Hapo umenizika mimi, na abiria umewaacha wanaelea. Kumbe walikufa wote, nahodha peke yake kapona. Kwa heshima yako, sikubali kufa kwa ajili ya kamusi.

#4 Mwalimu_Newala
Binti, pole sana. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31, na kosa lako nimeliona kwenye madaftari yasiyohesabika. Wewe huna hatia. Tuliwafundisha "but ni lakini" darasani, tukafunga kitabu, tukaendelea.

Kanuni niliyokuwa nawapa wanafunzi ni moja: tazama kinachofuata nyuma ya but.

Kikifuata sentensi nzima, au sifa inayopingana na sifa ya kwanza, ni lakini. "I called but nobody answered." Nilipiga, lakini hakuna aliyepokea.

Ikiwa mbele yake kuna "not", na nyuma yake kuna kitu kinachochukua nafasi ya kile kilichokanushwa, ni bali. "Not a teacher but a nurse." Si mwalimu bali muuguzi.

Kikifuata jina, namba au kiwakilishi baada ya maneno kama all, everyone, nobody, nothing, ni isipokuwa. Ndiyo katoni zako: zote isipokuwa nne.

Na "all but" ikifuatwa na sifa au kitenzi, ni karibu au nusura. "All but complete", karibu imekamilika. "He all but fell", nusura aanguke. Hapo ndipo barua yako ya pili inapokaa.

Halafu kuna matumizi ya kizamani kidogo, "He is but a child", ni mtoto tu. Hapo but ni kielezi, si kiunganishi tena.

#5 BintiMikindani
Mwalimu, shikamoo. Nimeinakili kwenye daftari la kikundi. Yaani "four" ni namba, "complete" ni sifa. Ahsante sana.

#6 Kidato4_Masasi
Shikamoo mwalimu. Na mimi nina la kwangu. Niliandika kwenye insha "Although he was sick but he came to school". Nikakatwa maksi na kuandikiwa "double conjunction". Lakini kwa Kiswahili tunasema "Ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja shule" na hakuna anayekukata. Kosa liko wapi?

#7 Mwalimu_Newala
Marahaba mwanangu. Kiingereza kinataka kimoja tu. Ukianza na although, but ondoa. Ukitaka but, although ondoa. Ukiona sentensi bado haijakaa sawa weka "yet" katikati, hiyo inaruhusiwa. Kiswahili kinaruhusu ingawa na lakini zishikane mikono, kwa hiyo ukihamisha sentensi nzima kutoka kichwani unabeba na lakini yake. Ni kosa la watoto wa nchi nzima, si wa Masasi peke yake.

#8 Mzee_wa_Shangani
Hata hiyo "ingawa... lakini" zamani haikuwepo. Ni vijana wa redio.

#9 MwanaMadrasa_Lindi
Mzee Shangani, hiyo ya ingawa na lakini nimeisikia kwa wazee wa Lindi wasiomiliki hata redio. Tuache.

Mimi naona tatizo tunaliangalia kinyume. Tunauliza kwa nini but ina maana nyingi. Tungeuliza kwa nini Kiingereza kina neno moja pale ambapo wengine wana matatu. Kiarabu kina "lākin" ya kupinganisha, "bal" ya kusahihisha, na "illā" ya kutoa kitu nje ya kundi. Waswahili wa pwani tuliyapokea yote matatu tukayaita lakini, bali na ila. Mtoto wa madrasa anajua tofauti hata kabla ya kujua kuandika, kwa sababu shahada yenyewe imesimama juu ya "illā": hapana mungu ila Allah. Hakuna wa kuiweka lakini hapo.

Kwa hiyo ningemwambia dada wa Mikindani asitafsiri but kwa Kiswahili kimoja. Ajiulize, hapa Mswahili angesema lakini, bali, au ila? Akipata jibu, amemaliza.

#10 Nahodha_Kilwa
Na "ila" ile nyingine? Mke wangu akisema "huyu mwanaume hana ila", ananisifu au ananitoa nje ya kundi?

#11 MwanaMadrasa_Lindi
Anakusifu, mshukuru. Hayo ni maneno mawili tofauti ya Kiarabu. "Illā" ni isipokuwa. "ʿIlla", inayoanza na ʿayn, ni ugonjwa au kasoro. Kwenye ulimi wetu ʿayn ikapotea na mkazo ukapotea, yakawa neno moja: ila. Ndiyo maana tunasema "kizuri hakikosi ila" tukimaanisha dosari, na "wote wamekuja ila Asha" tukimaanisha isipokuwa.

#12 Mfasiri_wa_Kusini
Naomba niingie hapo, maana kazi yangu ni kutafsiri na neno hili limeninyima usingizi kwa miaka.

Tazameni kwamba sisi wenyewe tulifanya kile ambacho Kiingereza kilifanya. "Walakini" kwa asili ni "na lakini" tu ya Kiarabu. Leo tunasema "mkataba huu una walakini", tumeigeuza jina lenye maana ya dosari. Waingereza nao wanasema "no buts", hakuna cha lakini. Kiunganishi kimevuka kikawa jina kwenye lugha mbili zisizo na undugu.

Sasa asili ya but yenyewe. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "būtan", iliyotokana na "be" na "ūtan", maana yake upande wa nje. Haikuwa lakini hata kidogo. Ilikuwa "nje ya", kisha "bila", kisha "isipokuwa", na hii ya lakini tunayoifundisha kwanza ndiyo iliyokuja nyuma. Uskochi bado wana msemo wa nyumba ya vyumba viwili, "but and ben": but ni chumba cha nje, ben ni cha ndani.

Ukilishika hilo la NJE, mengi yanafunguka. All but four: zote, nne ziko nje. All but complete: imepita hatua zote, iko nje ya mlango wa kukamilika, bado kuingia tu. Ndiyo maana inakuwa "karibu". Kwangu mimi hilo ni neno moja lenye maana moja, si maneno matano.

#13 Mwalimu_Newala
Mfasiri, maelezo yako ni mazuri, lakini mweke mtoto wa kidato cha pili mbele yako umweleze "He is but a child" kwa njia hiyo ya nje. Yuko nje ya mtoto? Utampoteza. Asili ya neno ni jambo moja, matumizi ya leo ni jambo lingine. Mimi nabaki na kanuni ya kinachofuata.

#14 Mfasiri_wa_Kusini
Mwalimu, hiyo nayo ina njia yake. Zamani walisema kwa kukanusha, kama kusema "si kitu ila mtoto". Baadaye kile kikanushi kikadondoka, but ikabaki peke yake imebeba maana ya "tu". Kwetu pia mtu husema "sina ila mtoto mmoja", akimaanisha mtoto mmoja tu. Ebu ondoa ile "sina", uone ila inavyobaki ikining'inia. Kwao ilining'inia hivyo mpaka ikazoeleka.

#15 Muuguzi_Ndanda
Nisaidieni na "but for", maana hilo nimeliona likitaka kuleta kesi.

Miaka ya nyuma nikiwa kituo kingine cha kazi, mgonjwa aliruhusiwa akiwa na barua ya kwenda nayo kwa daktari wa kwao. Ndani iliandikwa kwamba "but for the blood given that night, the patient would have died". Kijana wake akasoma: "lakini kwa damu aliyopewa usiku ule, mgonjwa angekufa". Akaelewa kwamba damu ndiyo iliyotaka kumuua mama yake. Akaja na ndugu watano, wamevimba, wanataka kujua ni damu ya nani. Nilikaa nao kwenye benchi karibu saa nzima nikieleza kwamba barua inasema kinyume: kama si ile damu, mama yenu angekufa. Mmoja wa wale ndugu ndiye aliyekuwa ametoa hiyo damu. Alipoelewa aliinama akafunika uso kwa mikono.

Kwa hiyo "but for" ni "kama si" au "lau si". Mwalimu, kanuni yako inapita hapo?

#16 Mwalimu_Newala
Muuguzi, umenigusa. Hapana, kanuni haipiti. "But for" lazima ishikwe nzima nzima kama neno moja.

#17 Muuguzi_Ndanda
Na kuna pengine inapokwama. Umesema sifa ikifuata ni karibu. "The road is anything but good." Good ni sifa, ila barabara haikaribii kuwa nzuri, ni mbaya kabisa.

#18 Mwalimu_Newala
Nilisema "all but", sikusema "anything but". Ila ni kweli ningefafanua. "Anything but good": iite jina lolote utakalo, zuri usiitie humo. Kwa hiyo si nzuri hata kidogo. Na "nothing but" ni kinyume chake, "nothing but trouble" ni matatizo matupu. Hiyo "-tupu" yetu ndiyo tafsiri nzuri kuliko zote, wafasiri wengi wanaisahau.

#19 Mfasiri_wa_Kusini
Sijaisahau, mwalimu, naitumia kila siku. Na ona: anything but, nothing but, all but, zote tatu zinafunguka kwa NJE. Lolote, zuri likiwa nje. Hakuna kitu, matatizo yakiwa nje ya hiyo hakuna. Narudia, ni neno moja.

#20 Dereva_wa_Mingoyo
Mimi sina shule kubwa lakini neno hili nalijua kwa jasho la mtu mwingine. Nilikuwa nimebeba mzee mmoja Mwingereza kutoka Mingoyo kwenda upande wa Masasi. Akaniambia "drop me at the next but one stop". Nikasikia next, nikasikia stop, kituo kilichofuata nikasimama. Akashuka maana alikuwa anasoma kitabu, hakutazama. Nilipofika kituo cha mbele nikakuta watu wanamsubiri, wananiuliza mgeni wetu yuko wapi. Nikageuza gari. Nikamkuta anatembea kwenye jua la saa saba, begi begani. Hakunigombeza. Alinichorea kwenye vumbi la boneti: mstari, kituo, kituo. Next but one ni kile cha pili, unaruka kimoja.

#21 Kidato4_Masasi
Kwa hiyo "last but one" ni wa pili kutoka mwisho? Na "last but not least"?

#22 Dereva_wa_Mingoyo
Last but one, naam, wa pili kutoka mwisho. Hiyo ya pili muulize mwalimu.

#23 Mwalimu_Newala
"Last but not least" ni ile lakini ya kawaida: wa mwisho, lakini si mdogo kwa umuhimu. Kwenye mahafali kila mshereheshaji anaisema. Ona zilivyokaribiana na zilivyo mbali. Na hiyo "last but one" ni zaidi ya Waingereza. Mmarekani atakwambia "next to last" au "second to last".

#24 Mzee_wa_Shangani
Nimesoma yote. Nakubali kwa nahodha na kwa muuguzi. Lakini kuna jambo mmeliacha, nalo linaniuma. Vijana sasa hivi wanasema "ila" kila mahali. "Nakupenda ila huna kazi." "Nimefika ila sijala." Hiyo ni lakini! Ila ni ya kutoa kitu nje ya kundi, kama alivyosema mwana madrasa. Mnawacheka Waingereza kuwa na neno moja huku mnaua lakini na bali ya kwenu.

#25 Nahodha_Kilwa
Afadhali ila, mzee. Siku hizi wameshahamia "sema". "Nyumba nzuri, sema kodi kubwa." Na kuna "kasoro": "wamekuja wote kasoro Juma", kama vile Juma ni robo saa.

#26 Mfasiri_wa_Kusini
Mzee wangu, kwa hilo la ila sikuungi mkono. Fungua Biblia ya Kiswahili ile ya Union, Mathayo 4:4: "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu." Hapo kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, ile ya King James, ni "but". Kwa hesabu ya mwalimu ni bali, kwa sababu kuna kanushi mbele yake. Na wafasiri, watu makini, wakaandika ila. Kwa hiyo mpaka kati ya ila na bali ulikuwa umeshalegea kabla vijana hawa hawajazaliwa.

#27 MwanaMadrasa_Lindi
Haujalegea. Wamesikiliza maana. "Hataishi kwa chochote ila kwa kila neno", ni kutoa nje ya kundi. Ile "tu" ndiyo inayokuchanganya.

#28 Mfasiri_wa_Kusini
Hapana, ile "tu" ndiyo ushahidi wangu. Kama ni kutoa nje ya kundi, mkate ungekuwa haumo kabisa. Lakini mkate umo, mtu anakula mkate pamoja na neno. Ni kusahihisha, ni bali.

#29 MwanaMadrasa_Lindi
Tutakutana Lindi tuimalize kwa kahawa, kaka.

#30 Mhitimu_Chuno
Kiingereza peke yake ndicho kimepungukiwa hapa? Nadhani lugha zote za Ulaya ni hivyohivyo. Kijerumani wana "aber" tu.

#31 Mfasiri_wa_Kusini
Si kweli. Kijerumani wana "aber" ya lakini na "sondern" ya bali, na ukikosea mwalimu anakusimamisha. Kihispania nao "pero" na "sino". Kiingereza ni kati ya zilizoziunganisha.

#32 Nahodha_Kilwa
Wajerumani hao wangetuachia "sondern" yao badala ya kubeba mifupa ya mjusi wetu mkubwa, dinosaria wa Tendaguru kule Lindi.

#33 Kidato4_Masasi
Walituachia neno "shule" mkuu. Mjusi walimchukua 1912.

#34 MwanaMadrasa_Lindi
Mdogo wangu, uchimbaji mkubwa ulikuwa 1909 hadi 1913, si mwaka mmoja, na mifupa ni ya mijusi wengi. Yule mrefu aliyesimamishwa Berlin ndiye anayejulikana zaidi. Wenyeji wa Lindi walibeba hiyo mifupa vichwani kutoka Tendaguru mpaka bandarini, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hilo lisisahaulike mkimtaja mjusi.

#35 Muuguzi_Ndanda
Kweli kabisa, lakini turudi kwa dada wa korosho.

#36 Mhitimu_Chuno
Nina swali la kurudisha. Ni "everyone but me" au "everyone but I"? Kwenye usaili wa kazi niliandika "I" nikaambiwa nimekosa.

#37 Mwalimu_Newala
Andika "me". But hapo inafanya kazi kama kihusishi, na kihusishi kinataka "me".

#38 Mfasiri_wa_Kusini
Si rahisi hivyo. Felicia Hemans kwenye shairi lake la 1826 kuhusu kijana aliyebaki kwenye meli inayoungua aliandika "all but he had fled". Hakuandika "him". Watu wanabishana mpaka leo. Wanaosema ni kihusishi wanataka him, wanaosema ni kiunganishi wanataka he. Wengine wanasema ikiwa mwanzoni mwa sentensi tumia he, ikiwa mwishoni tumia him.

#39 Mwalimu_Newala
Mshairi ana ruhusa yake. Mtu wa usaili hana. Andika "me", upate kazi.

#40 Nahodha_Kilwa
Kumbe kuna mwenzangu mwingine alibaki melini. Huyo naye alipona?

#41 Mfasiri_wa_Kusini
Hakupona, nahodha. Alikuwa anasubiri ruhusa ya baba yake, na baba alishakufa.

#42 Mama_Tandahimba
Mimi sijui majina haya ya kihusishi na kielezi. Nimefanya kazi ghalani miaka mingi, na naona mwalimu na mfasiri wote mnampa dada huyu mzigo mkubwa. Mtu anayesoma barua ya biashara hana muda wa kutafuta kinachofuata wala wa kwenda mpaka Kiingereza cha kale. Ashike vifungu vizima kama tunavyoshika madaraja ya korosho. Ukiniambia W320 siendi kutafuta W ilitoka wapi. Najua ni nyeupe, nzima, na kwenye ratili moja zinaingia mpaka 320. Basi vilevile: all but na namba, toa hiyo namba. All but complete, karibu. Anything but, hata kidogo. Nothing but, tupu. But for, kama si. Last but one, wa pili kutoka mwisho. Sita tu. Abandike ukutani.

#43 Mwalimu_Newala
Mama, sita hizo zitamtosha mwezi huu. Mwezi ujao ataandikiwa "I cannot but agree" na ukutani haimo.

#44 Mama_Tandahimba
Itaongezwa ya saba. Ukuta ni mkubwa. Na maana yake nini hiyo?

#45 Mwalimu_Newala
Sina budi kukubali.

#46 Mfasiri_wa_Kusini
"Sina budi", angalieni jinsi inavyokaa! Na kuna ngumu kuliko hiyo, ile ya maandishi ya zamani: "There is no farmer but knows this." Hakuna mkulima asiyelijua hili. Hapo but imemeza "ambaye" na "si" kwa pamoja. Kiswahili kinafanya hivyo kwa silabi mbili ndani ya kitenzi, "-siye-". Na methali yao ya mvua, "it never rains but it pours", hainyeshi ila ikamwagika. Nikifika kwenye sentensi za namna hii huwa naweka kalamu chini kwanza.

#47 Mhitimu_Chuno
Na matamshi? Sisi tunasema "bati". Mwalimu wetu alikuwa anasema but, bat na hata Bart zote sawasawa.

#48 Mwalimu_Newala
Kwa sababu tuna irabu tano na wao wana nyingi. Zote tatu zinaangukia kwenye "a" yetu. Na kwenye mazungumzo ya haraka wao hawaitamki kwa nguvu, inakuwa fupi, inapita kama pumzi. Ndiyo maana dereva alisikia next na stop, katikati hakusikia kitu.

#49 Dereva_wa_Mingoyo
Wallahi, hivyo ndivyo ilivyokuwa!

#50 BintiMikindani
Wapendwa, nimesoma yote, mengine nimewasomea kina mama wakiwa wanamenya. Habari ni hii: malipo yameingia leo asubuhi. Zile katoni nne zilikuwa na unyevu, tumezichambua upya na kuzikausha. Kikundi kimekubaliana kuchanga kumnunulia mwenzetu mbuzi wawili, kwa sababu tafsiri ilikuwa yangu na mimi nimetoa fungu kubwa. Vile vifungu sita vya mama wa Tandahimba nimeviandika kwa mkaa ukutani mwa banda, na chini yake kanuni ya mwalimu. Mwenyekiti ametaka neno NJE liandikwe juu kabisa, kasema hilo kalielewa mara moja.

Mnunuzi ameandika tena sasa hivi. Sentensi ya mwisho ni hii: "We have but one request, that the next sixty be ready before the rains." Ukutani haimo. Sijawaambia kitu bado, wananitazama.

#51 MwanaMadrasa_Lindi
Tunalo ombi moja tu.

#52 Mwalimu_Newala
Moja tu. Wanataka katoni 60 nyingine kabla ya mvua. Waambie haraka, mwanangu.